Shukrani kwa aliyetuachia mipira dukani kwa Mangi

Wewe uliyeshusha lile gunia kwenye bajaji pale dukani kwa Mangi, huku kwetu Mbagala, ukakataa kutaja jina: asante sana. Watoto wamepata vyote. Mangi tumembana atuambie, kagoma.

Umejua kuchagua. Wengi hutuletea mipira namba 5, ya wakubwa, mtoto wa darasa la nne akiupiga hauendi popote. Wewe umeleta namba 4, tena na pampu na sindano zake. Mipira mingapi imekufa kwa kukosa sindano tu! Walikuwa wanapiga chandimu la matambara na kamba, likinyeshewa linakuwa zito hadi vidole vinavimba.

Kilichonigusa zaidi ni mipira ya pete. Wasichana husahaulika kila msaada ukija. Sasa wanajinoa kwa UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, na vizibao vyenye herufi za nafasi zao uwanjani wanavyo, GS hadi GK. Yule anayecheza C analala nacho, mama yake kaniambia.

Viatu havikuwatosha wote, wanapokezana. Mungu akuzidishie pale ulipopunguza. Jumamosi asubuhi tupo uwanjani, karibu utazame, hatutakuuliza jina.