Barua kwa mpwa wangu wa Bukoba: lile anga si la Kyaka

Mpwa wangu,

Marahaba. Picha zako sita zimefika, nikazitazama asubuhi na nikazirudia usiku. Umeniuliza jambo moja: "Mjomba, mbona nikikishika mkononi kifaru changu kidogo cha vita ni cha kweli, nikikipiga picha kinakuwa cha kuchezea?" Nakujibu hapa hadharani kwa sababu si wewe peke yako. Wapo vijana hapa Mwanza wanaokesha wakiunganisha vifaru vya mfano vya skeli ya 1 kwa 35, yaani vidogo mara 35 kuliko vya kweli, halafu asubuhi picha inawavunja moyo.

Kazi ya mikono yako sina la kuisahihisha. Ile Type 59, kifaru cha Kichina cha jeshi letu kwenye vita vya Kagera, umeifanya kwa macho ya mtu aliyeangalia. Minyororo umeilegeza ikalala juu ya magurudumu, kama inavyolala kweli kwenye vifaru vya ukoo ule. Udongo mwekundu umeuchekecha kwa chujio la chai, na ulifanya vizuri, maana punje ya milimita 1 kwenye skeli yako ni jiwe la sentimita 3 na nusu. Hata yule askari aliyeketi juu, mguu mmoja ukining'inia, anaonekana amechoka.

Tatizo liko nyuma yake. Ile picha uliyoitoa kwenye intaneti ukaichapa ina misonobari, ina milima yenye theluji, na jua lake limeinama upande wa kulia. Taa yako iko kushoto. Kwa hiyo kifaru kina kivuli cha kwenda kulia na mlima una kivuli cha kwenda kushoto. Mtazamaji hatakwambia ameona nini, lakini jicho lake limeshakataa.

Unaikumbuka picha ya bibi yako iliyoko sebuleni, amesimama mbele ya pazia la studio lenye meli na minazi? Mimi ndiye niliyekuwa nikilikunja na kulikunjua pazia kama lile nilipokuwa najifunza kazi. Halikukusudiwa kumdanganya mtu. Mtu alivaa vizuri akasimama mbele ya dunia aliyoitamani, na pazia lilikuwa sehemu ya heshima yake. Lako wewe linatakiwa lisionekane kabisa kuwa ni pazia.

Nikueleze lililonipata. Miaka michache iliyopita nilitengeneza diorama, yaani mandhari ndogo ya kuundwa mezani, ya vita vya Kagera, askari wetu wakisubiri kuvuka mto Kagera pale Kyaka. Nyuma nikaweka picha niliyoipiga hapa hapa Mwanza, mawe yetu makubwa yamepandana, ziwa linang'aa. Ilipendeza. Nikampelekea mzee mmoja jirani yangu hapa Kirumba, ambaye mwaka 1978 alikuwa kijana jeshini na aliuvuka mto ule. Alivaa miwani, akaisogeza picha karibu na dirisha, akakaa nayo muda mrefu. Kisha akanirudishia taratibu. "Askari ni sisi," alisema. "Lakini hapa si Kyaka. Kyaka hakuna mawe haya." Hakuongeza neno. Nilirudi nyumbani nikaibandua ile picha ya nyuma siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "nyuma weka chochote, mradi kuna anga". Vita hivi si vya watu wasiojulikana. Daraja la Kyaka lilivunjwa mapema Novemba 1978, jeshi letu likavuka kwa daraja la muda, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Waliokuwepo bado wanakaa mitaani kwetu, na wengine wamelala kwenye makaburi ya mashujaa, Kaboya. Mtu akitazama kazi yako ajue ni wapi. (Picha yangu ya mawe sikuitupa. Mwaka 1979 ndege ya Libya ilikuja kulenga matangi ya mafuta hapa Mwanza, ikakosa, silaha zake zikaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua swala. Siku nitakapoitengeneza hadithi hiyo, mawe yatakuwa mahali pake.)

Basi nilifunga safari mwezi Novemba hadi Kyaka. Novemba makusudi, kwa sababu ni vuli: nyasi zimekuwa kijani, mawingu yameumuka, udongo umeloa. Nawe hapo rekebisha kitu kimoja, vumbi ulilolipaka kwenye kifaru ni la Julai. Weka tope.

Sikulipiga picha daraja. Nilijitenga na barabara nikatafuta upande usio na nguzo za umeme wala bati jipya, vitu ambavyo askari wako hakuviona. Nilisimama wima, simu usawa wa macho. Usipande kilimani kwa ajili ya picha ya nyuma, hata kama mandhari inavutia. Upeo wa macho siku zote uko usawa wa jicho la anayetazama. Ukipiga kutoka juu kisha ukaiweka nyuma ya askari aliyesimama chini, ardhi itaonekana imeinuka kama ukuta.

Na kwenye meza ni hivyo hivyo. Macho ya mtu mzima yako kama mita 1.6 kutoka ardhini, ukigawa kwa 35 unapata sentimita 4 na nusu. Hapo ndipo lenzi yako inapotakiwa kuwa, nawe ulipiga kutoka juu kama mtu anayetazama sinia la wali. Geuza simu kichwa chini, miguu juu: kwa simu nyingi lenzi iko karibu na ukingo wa juu, kwa hiyo ukiigeuza inaweza kushuka hadi kimo hicho. Kisha panga mchapo, yaani ile picha ya nyuma iliyochapwa, nyuma ya diorama hadi mstari wa upeo ulingane na lenzi. Mimi hutumia pimamaji ya fundi, lakini uzi uliokazwa kati ya chupa mbili unatosha.

Sasa jua. Pale Kyaka saa tatu asubuhi nilichomeka kijiti cha mita 1 wima, kivuli chake kikawa kama mita moja na nusu, kikielekea mbele yangu kidogo kulia. Hicho ndicho kipimo nilichorudi nacho, na nakithamini kuliko picha yenyewe. Kwenye diorama simamisha kijiti cha kiberiti, sentimita 4. Kivuli kikifika sentimita 6 na kikaelekea huko huko, jua lako na jua la picha ni moja. Ukitumia taa iwe moja tu, na iwe mbali, mita mbili hivi, maana taa ya karibu hutawanya vivuli na kila askari anakuwa na jua lake. Ila kwa ushauri wangu achana na taa. Toa meza uani saa tatu asubuhi, tumia jua la Mungu. Bandika mchapo kwenye ubao wa plaiwudi ili upepo wa ziwa usiucheze, uuache sentimita 40 nyuma ya diorama. Hapo kivuli cha kifaru hakitaufikia, na vilima vitafifia kidogo kama inavyotakiwa.

Ukubwa wa mchapo ndio unaowashinda wengi. Simu ikiwa sentimita 40 mbele, diorama ina kina cha 30, na nafasi ya 40 nyuma, jumla ni sentimita 110. Kwa lenzi pana ya kawaida ya simu, kwa umbali huo utahitaji mchapo wa karibu mita moja na nusu, la sivyo ukuta utaonekana pembeni. Ukivuta picha karibu (zoom) mara mbili, sentimita 75 zinatosha, na karatasi ya A1 ina 84. Vuta mara mbili, basi. Ile hali ya simu ya kufifisha nyuma yenyewe izime, itakukatia waya wa antena. Gusa kifaru kwenye kioo ili kiwe ndicho kikali, weka saa ya sekunde mbili, uondoe mkono.

Kuchapa nilikosea mara moja. Nilipeleka kwa wachapaji wa mabango, wakanipa kitu kizito kinachong'aa. Kilipowekwa juani, katikati ya vilima vya Kagera kukawa na doa jeupe la mwanga lisilosogea. Safari ya pili nilikwenda kwa wanaochapa ramani za nyumba, karatasi yao ya kawaida isiyong'aa. Rangi zilitoka zimepauka kuliko kwenye simu, na kumbe ndivyo ilivyo duniani: kilima cha mbali hakina weusi mzito wala kijani kikali, hewa imeshakipaka maziwa. Kifaru chako kinapigwa na jua karibu, kilima kiko kilomita kadhaa. Vikilingana kwa ukali, umbali unakufa. Ila giza lisiingie: karatasi haina taa ndani kama kioo cha simu, kwa hiyo ongeza mwanga kabla ya kuchapa, na ujaribu kwanza kipande cha A4.

Nimekuchapia nakala mbili. Zimo kwenye bomba la plastiki lenye jina lako, nimemkabidhi kijana anayepanda meli ya Bukoba usiku wa leo. Usizikunje. Zilaze chini ya godoro siku moja zinyooke kabla ya kuzibandika, na gundi iwe pembezoni tu, ukipaka katikati karatasi itafanya mawimbi. Nyuma ya kila moja nimeandika kwa penseli: saa tatu asubuhi, jua nyuma kushoto, kivuli moja na nusu.

Ukishapiga, nitumie ile moja unayoiamini, usitume sita. Nitampelekea mzee hapo jirani. Nimemwambia unaitengeneza upya, akaniuliza kama yule askari aliyening'iniza mguu bado yupo. Nikamwambia yupo. Usimwondoe.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako, Kirumba