Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Mifumo: Fomu Yenu Isingoje Mtu Aage

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Nakuandikia kuhusu fomu ya maombi iliyo kwenye tovuti ya ofisi yako. Juzi nilikuwa namsaidia mama kuijaza kwa simu yake. Tulifika sehemu ya saba, akahamia programu nyingine kutafuta picha ya hati, na hapohapo akapigiwa simu. Tuliporudi, ukurasa ulijifungua upya na nafasi zote zilikuwa tupu. Akakitazama kioo, akasema, "Basi mwanangu, tuache."

Kazi yangu ni kuandika programu za wavuti, kwa hiyo usiku ule niliukagua msimbo wa ukurasa. Mafundi wako wameweka kazi yote ya kuhifadhi kwenye tukio moja, unload, yaani ishara ambayo kivinjari hutoa ukurasa unapofungwa, wakiamini kila anayeondoka lazima apite hapo. Kwenye simu sivyo. Mtu akishahamia programu nyingine, simu inaweza kukizima kivinjari kimyakimya ili kupata nafasi ya kumbukumbu, na unload isitokee kabisa. Ishara ya mwisho ya kutegemea ni visibilitychange, pale hali ya ukurasa inapogeuka kuwa hidden, yaani hauonekani tena: mtu amebadili kichupo, amezima kioo, au amehamia kwingine. Mtu hajaaga, na huenda asirudi.

Hapo ndipo pa kuhifadhi. Bora zaidi, rasimu iwekwe kwenye localStorage, ghala dogo la kivinjari ndani ya kifaa chenyewe, kadiri mtu anavyoandika. Nafasi yake ni kama megabaiti 5, na majibu ya fomu ile hayafiki hata robo yake. Ila ifutwe maombi yakishatumwa, maana kuna wanaojaza kwenye kompyuta zinazotumiwa na watu wengi. Cha kufika kwenye seva kipelekwe kwa sendBeacon, amri ya kukiagiza kivinjari kitume data: kivinjari huendelea kukituma hata ukurasa ukishafungwa, mradi mzigo usizidi kilobaiti 64.

Lipo na lile onyo la beforeunload, linalomuuliza mtu kama kweli anataka kuondoka kwenye ukurasa. Kwenye kompyuta linamzuia hata aliyekwisha kuhifadhi, hadi watu wamezoea kulibonyeza bila kusoma. Maneno marefu ambayo mafundi wako wameyaandika humo hayamfikii mtu. Tangu 2016 Chrome huonyesha ujumbe wake yenyewe. Onyo liwekwe pale tu penye kitu kisichohifadhiwa, kisha liondolewe.

Na unload yenyewe ing'olewe. Inaweza kukizuia kivinjari kuutunza ukurasa jinsi ulivyo, ili anayebonyeza kurudi nyuma aukute palepale.

Ombi langu, ndugu Mkurugenzi: kabla ya kupokea ripoti ya kwamba kazi imekwisha, ifungue fomu kwa simu yako mwenyewe. Jaza sehemu mbili tatu, hamia programu nyingine, kisha kiondoe kivinjari kwa kukitelezesha kutoka kwenye orodha ya programu zilizo wazi. Kifungue tena. Ukikuta uliyoandika yapo, naomba unijulishe, nimwambie mama tuanze upya.

Wako,
Mtumiaji wa fomu yenu