Kwantamu na Python zifundishwe pamoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wanaowaambia vijana kwamba kompyuta za kwantamu ni za wenye shahada ya tatu, pamoja na wale wanaowauzia kozi za wiki moja zisizo na hata mstari mmoja wa programu. Wote wanawapoteza. Kijana aliyesoma matriksi na uwezekano sekondari anaweza kujifunza lugha ya programu ya Python na misingi ya kwantamu kwa wakati mmoja, kwa laptopu ya kawaida, ilimradi asianzie kwenye maktaba (programu zilizoandikwa tayari) zinazomfanyia kila kitu.

Aanze na NumPy peke yake, maktaba ya Python ya hesabu za orodha na matriksi. Kyubiti, yaani biti ya kompyuta ya kwantamu, ikiwa moja ni orodha ya namba mbili: sifuri ni [1, 0], moja ni [0, 1]. Lango ni hatua inayobadilisha kyubiti; lile la Hadamard ni matriksi yenye 1 na 1 juu, 1 na −1 chini, zote zikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2. Lizidishe kwa [1, 0], utapata 0.707 mara mbili. Kipeo cha pili cha kila moja ni 0.5, yaani nusu kwa nusu. Hadi hapo ni sawa na kurusha shilingi. Sasa pitisha lango lilelile tena. Shilingi ukiirusha mara ya pili inabaki nusu kwa nusu, lakini kyubiti inarudi sifuri kila mara, kwa sababu ile −1 imefuta njia ya kuelekea moja. Mchoro wa mishale na duara hauwezi kumwonyesha mwanafunzi jambo hili kama mistari mitano aliyoiandika mwenyewe.

Wanakwama wapi? Wengi huandika * badala ya @, ambayo ndiyo alama ya kuzidisha matriksi. NumPy hailalamiki, inazidisha namba kwa namba na kukurudishia matriksi badala ya orodha. Wengine huanza na np.array([1, 0]), ambayo ni ya namba kamili, kisha wakiweka 0.707 ndani yake inakatwa kimyakimya kuwa 0. Dawa ni dtype=complex (namba changamano) tangu mwanzo. Halafu jibu linakuja 0.9999999999999998 na ulinganisho wa == 1 unakataa; hapo tumia np.isclose. Haya yote ni makosa ya programu tu, wala hayahusu kwantamu, na ndiyo sababu nasema masomo haya yasitenganishwe.

Kumbukumbu ya kompyuta nayo ina mipaka yake. Kila kyubiti ikiongezeka, orodha inakuwa ndefu mara mbili, na kila namba changamano inachukua baiti 16. Kyubiti 20 zinahitaji megabaiti 16. Kyubiti 30, gigabaiti 16. Anayejenga matriksi nzima ya saketi (mfululizo wa malango) kwa np.kron, inayounganisha matriksi ndogo kuwa moja kubwa, atakwama mapema zaidi: kwa kyubiti 14 tu matriksi hiyo inakula gigabaiti 4.

Baada ya hapo ndipo aingie Qiskit ya IBM, maktaba ya Python ya kuandika programu za kwantamu. Ajihadhari na masomo ya zamani: toleo la 1.0, la Februari 2024, liliondoa execute (amri ya kuendesha saketi), na Aer, yaani programu ya kuiga kompyuta ya kwantamu, sasa husakinishwa peke yake kama qiskit-aer, hivyo programu nyingi za mtandaoni zinagoma mstari wa kwanza. Atengeneze mazingira mapya kwa venv, zana ya Python ya kutenga maktaba za kila mradi, kabla ya kusakinisha. Tena, Qiskit huandika kyubiti namba 0 upande wa kulia. Ukiigeuza hiyo peke yake kati ya mbili, jibu ni 01, si 10.

Zoezi zuri la kwanza ni Hadamard kwenye kyubiti 0, kisha CNOT (lango linalogeuza kyubiti ya pili pale ya kwanza ikiwa moja) kutoka 0 kwenda 1, kipimo mara 1000. Mwigo usio na kelele utatoa 00 na 11 tu, karibu 500 kila moja. 484 kwa 516 si kosa. Ikitokea 01, kagua programu yako. Ikitokea mara chache kwenye mashine halisi, hiyo ni kelele ya mashine.

Mkufunzi wa kompyuta,
Morogoro