Kliniki ya presha mbona hatuulizwi tunalala au hatulali?

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua.

Mi nina presha tangu 2017, nauza vitenge sokoni hapa Morogoro, na kila mwezi naenda kliniki. Maswali ni yale yale, chumvi umepunguza? dawa unameza? Napimwa, naandikiwa dawa zangu za presha, amlodipine na losartan, anaitwa mwingine. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza mama, usiku unalala?

Jibu ningekuwa nalo. Nilichukua mkopo wa riba kubwa, hii tunayoita kausha damu, marejesho kila Ijumaa, basi Alhamisi usiku usingizi hakuna, simu ikiita moyo unadunda, kisogo kinagonga, watoto nawafokea bure. Kwaya nimeacha, harusi siendi maana naogopa michango na naogopa kudondoka mbele za watu. Ijumaa moja mwaka jana presha ikasoma 178/104, juu sana, na dawa nilikuwa nimemeza vizuri kabisa, naambiwa "mama wewe unakula chumvi". Nililia mpaka nafika nyumbani.

Mwili ukiwa na hofu unamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, mishipa inabana, presha inapanda. Hofu ikipita inashuka, ila sisi haipiti, wiki inaisha inakuja nyingine, hulali, unakula ovyo, dozi unasahau, halafu ukisomewa namba kubwa unaongeza hofu juu ya hofu. Na hata namba ikiwa nzuri kwenye daftari, mtu mwenyewe unakuta hana raha, hacheki, anaishi kwa kujisikilizia moyo tu.

Ila na huku mtaani tuna kosa letu na hili linaniuma sana. Utasikia "hiyo presha ya mawazo tu, ukitulia inaisha, achana na vidonge". Jirani yangu alisikiliza hayo akaacha dawa kama miezi mitatu hivi, akapata kiharusi, sa hivi mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi. Jamani vidonge ni kila siku, uwe na mawazo usiwe nayo, usiache bila daktari kusema.

Ninachoomba kwa wahusika wala si hela nyingi. Pale benchi tunakaa masaa tunasubiri mafaili, nesi mmoja akae na sisi hata nusu saa tuongee, mtu aseme kinachomkaba. Na kabla ya kupima tuachwe tukae dakika 5 tupumue kwanza, maana unashuka kwenye daladala, unapanda ngazi, hapo hapo mkono kwenye mashine.

Mi na mama mwenzangu mmoja tumeshaanza wenyewe. Siku ya kliniki tunawahi saa 12 asubuhi, tunakaa benchi la mwisho karibu na dirisha la dawa. Mwenye presha akituona aje akae.

Mama muuza vitenge, Morogoro