Sindimba ni ya wote, sauti ya manju ina mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie ubishi uliopamba moto hapa Newala msimu huu wa korosho, kuanzia mnadani hadi kwenye vijiwe vya kahawa: vijana wanaotia vionjo vya ngoma zetu kwenye bongofleva na singeli ni wezi au si wezi? Wazee wenzangu wengi wameshahukumu. Mimi ni mpiga ngoma na umri wa kuitwa mzee ninao, lakini hukumu yao naikubali nusu tu.

Mdundo wa sindimba, ngoma yetu Wamakonde, hauna mwenyewe. Hakuna Mmakonde atakayesimama mahakamani akathibitisha kwamba babu yake ndiye aliyeanza kupanga ngoma za vinganga na likuti zikaitikiana namna ile. Na sisi si malaika. Beni lilianza pwani ya kaskazini kwa kuiga bendi za kijeshi za wakoloni, likateremka hadi kusini huku, tukalicheza na kuligeuza tulivyotaka. Hakuna aliyetudai.

Wenzetu wa Marekani nao wamegombana sana juu ya hili. Mwaka 2015 jopo la mahakama Los Angeles liliwaamuru wanamuziki Robin Thicke na Pharrell Williams kuilipa familia ya mwanamuziki marehemu Marvin Gaye, kwa kunakili wimbo wake, zaidi ya dola milioni 7, kiasi kilichopunguzwa baadaye hadi milioni 5 na ushee, ilhali wanamuziki wengi walisema kilichofanana ni ladha tu. Kwa masikio yangu, jopo lile lilipotoka. Mei 2023 jopo jingine, la New York, lilimsafisha mwimbaji Ed Sheeran aliyedaiwa kuchukua kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, za wimbo mwingine wa Marvin Gaye. Alijitetea kwamba kodi zile ni mali ya kila anayeshika gitaa. Hapo nakubaliana naye. Ukimnyima kijana mdundo, utamwachia nini cha kutungia?

Lakini sasa tuje kwenye kinachoniudhi. Kikundi cha kijiji cha jirani kilitembelewa na vijana wa studio moja ya mjini. Wakarekodi usiku kucha, wakaacha hela ya soda na mchele, wakaondoka. Baada ya muda wimbo ukatoka, ukapigwa kwenye bodaboda na harusini. Sauti inayoufungua ni ya manju, kiongozi wa waimbaji, wa kikundi kile, hata kikohozi chake kimo. Mashairi ni yake: aliyatunga kumsema mnunuzi wa korosho aliyetoroka na fedha za watu, na kila mtu kijijini anajua aliyatunga lini na kwa nini. Kwenye majina ya watunzi wameandikwa msanii na prodyuza. Yeye kapewa maneno matatu tu, "vionjo vya asili".

Hicho si kionjo, ni kipande cha rekodi kilichokatwa na kubandikwa. Kuuita wimbo wa mtu kuwa ni wa asili ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kumfuta mtunzi, na haikuanzia Newala. Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini, alirekodi "Mbube" mwaka 1939. Wimbo ukavuka bahari, wanamuziki wa Marekani wakauchukulia kama wa kienyeji wa Kiafrika usio na mtunzi, ukageuzwa majina na kuingiza mamilioni. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa fukara. Familia yake ilipata suluhu ya malipo mwaka 2006, baada ya kesi. Wote walioimba kiitikio kile kwa miaka hiyo yote hawakukosa njia ya kuuliza, ila iliwafaa kutouliza.

Vijana wananijibu kwamba yule manju hakuwa amesajili kitu. Wasome Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kazi inalindwa kwa sababu tu imetungwa, haijasubiri karatasi wala muhuri. Mtunzi asiyejua kuandika analindwa sawasawa na mwenye shahada. Sheria hiyo hiyo ina sehemu nzima kuhusu sanaa za jadi, nayo haimzuii msanii kuazima humo ili atunge kazi yake mpya. Haki ya wanaoimba na kupiga, ile hakishiriki, inasimama pembeni yake: huwezi kurekodi onyesho la mtu ukalifanyia biashara bila ridhaa yake. Soda si ridhaa.

Kwa hiyo, prodyuza anayetaka sindimba na awaite wapigaji studio au aupige mwenyewe kwenye kompyuta, hatadaiwa na mtu. Akitaka sauti ya manju, aandike jina lake, waelewane mgawo kabla ya wimbo kutoka, na karatasi isomwe kwa sauti mbele ya kikundi kizima. Maafisa utamaduni wa wilaya wanaweza kusimamia hilo bila kuhitaji bajeti, ingawa wengi wao tunawaona siku za mwenge tu.

Nimeambiwa pia kwamba kwa manju yule tumechelewa, kwa sababu ameshafariki. Hatujachelewa. Hakimiliki yake inaendelea miaka 50 baada ya kifo chake, warithi wapo, na mwanawe mkubwa anauza samaki Feri, Mtwara mjini. Kutoka studio ile hadi pale ni nauli ya bodaboda.

Mpiga ngoma,
Newala, Mtwara