Puto Lililoshuka Kazeh: Barua kwa Vijana Waandishi wa Tabora

Wanangu wa Isevya, Kanyenye na Ng'ambo mnaokutana kusomeana hadithi za kisayansi na za kifantasia, mwangaluka.

Mlinikaribisha nikakaa nanyi, nikasikiliza hadithi zenu mpaka jioni, mkaniomba neno. Nikasema nitaandika. Naandika wazi, kila mtu asome, kwa sababu najua wenzenu wa Kigoma na Mwanza wanahangaika na uandishi huu huu.

Mnajua kwamba mji wetu uliingia kwenye hadithi za namna hii kabla Wajerumani hawajatia mguu hapa? Mwaka 1863 Mfaransa Jules Verne alichapisha riwaya ya wasafiri watatu wanaoondoka Zanzibar kwa puto na kuivuka Afrika. Njiani wanashuka Kazeh, yaani hapa hapa petu, kwa jina lililotumika enzi za misafara. Verne hakuwahi kufika huku. Alisoma taarifa za msafiri Mwingereza Burton, aliyepita Kazeh pamoja na mwenzake Speke mwaka 1857. Kwa upande wa puto alifanya kazi ya kweli: anaeleza jinsi haidrojeni inavyopashwa moto ikatanuka na kuliinua puto, na jinsi inavyoachwa ipoe puto lishuke, bila kumwaga gesi wala kutupa mizigo. Anataja ujazo, anataja uzito. Mwanafunzi wa fizikia anaweza kuchukua penseli akamkagua.

Sasa tazameni watu wake. Puto linapotokea, wakazi wa Kazeh wanadhani mwezi umeshuka, na wale wageni ni wana wa mwezi. Daktari wao anapelekwa kumtibu sultani aliyemalizwa na ulevi. Kisha mwezi wenyewe unachomoza, uongo unafichuka, wageni wanakimbilia puto lao. Basi. Hiyo ndiyo Tabora kwenye riwaya ile.

Kazeh ya miaka hiyo ilikuwa mji wa biashara. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Walikuwa wameiona bahari na majahazi, na walijua ni wapi mfanyabiashara anapunja. Mtu wa aina hiyo akiona mfuko mkubwa wa kitambaa unaning'inia angani, ataogopa kidogo, sawa, lakini muda si mrefu atataka kujua kitambaa hicho kimetoka wapi na kinauzwaje. Verne alipiga hesabu ya gesi, hakupiga hesabu ya watu. Msomeni, tena kwa makini, maana ufundi wake ni mkubwa. Ila mkimsoma mkumbuke kwamba waliopigishwa magoti mle ni babu zetu.

Neno langu kwenu ni hilo: pigeni hesabu zote mbili.

Hadithi nyingi nilizozisikia siku ile zilikuwa kwenye miji isiyo na jina, yenye maghorofa ya vioo na theluji. Sina ugomvi na theluji. Shida ni kwamba mwandishi hajui nani anaizoa asubuhi, kwa mshahara gani, na huyo mzoaji anakula nini mchana. Mji usio na wazoaji hausimami, hata ukiuwekea roboti elfu. Na wale mlioandika habari za hapa nyumbani mlikosea kwa upande mwingine: watu walikuwa hai, nikawatambua hadi lafudhi zao, lakini mitambo ilikuwa ikifanya lolote mwandishi analotaka, wakati wowote anaotaka.

Binti mmoja ndiye aliyenigusa zaidi. Ameandika habari za mama wa Sikonge anayeishi kwenye kituo mwezini, akitwanga kisamvu kwenye kinu alichotoka nacho nyumbani. Nilimpenda yule mama papo hapo. Lakini, binti yangu, umemfanya atwange kama yuko uani kwake. Mwezini vitu vina uzito wa kama sehemu moja ya sita ya uzito wa hapa. Mchi ukiachiwa kutoka urefu wa mita moja, hapa unafika chini kwa karibu nusu sekunde. Kule ni zaidi ya sekunde moja. Mama anausubiri mchi wake ushuke! Akichoka kusubiri ausukume kwa nguvu, mchi nao unamsukuma juu, na kwa kuwa yeye mwenyewe ni mwepesi, miguu inaachana na sakafu. Kwa hiyo lazima ajifunge kwenye kitu, au mtu amshike kiuno. Nani atamshika? Hapo ndipo hadithi yako ilipo. Pengine ni mtoto wake asiyeijua Sikonge, aliyezaliwa kule kule, na mazungumzo yao yanaanza kwa sababu fizikia imewalazimisha wakaribiane.

Mnaoandika fantasia msidhani mmesamehewa. Mganga anayeweza kila kitu anaua hadithi, kwa sababu msomaji hana tena la kumhofia. Mpeni mpaka. Ikiwa anapaa, semeni kupaa kunamgharimu nini, na gharama hiyo msiisahau sura ya kumi inapowabana.

Wala asiwadanganye mtu kwamba Kiswahili hakijazoea mambo haya. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, nchi nzima iliyo angani, na wajumbe wanaotumwa pande sita, zikiwamo mbinguni na ardhini. Wakirudi na maarifa wanatupwa gerezani. Kezilahabi alituandikia riwaya za Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Katama Mkangi wa Kenya akaandika Walenisi mwaka 1995, Wamitila naye Bina-Adamu! mwaka 2002. Visomeni vyote kabla ya kutangaza kwamba mmeanzisha kitu.

Sasa kuhusu kusifiana. Nilisikia kila aliyemaliza kusoma anapigiwa makofi, "noma sana, kaka," kisha anafuata mwingine. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hugo Gernsback alipoanzisha Amazing Stories, jarida la hadithi za kisayansi, huko Marekani mwaka 1926, alikuja kuchapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Wasomaji wakaanza kuandikiana wenyewe kwa wenyewe, wakibishana kama chombo fulani kingeruka kweli. Kutokana na barua hizo vikazaliwa vilabu, na mwaka 1939 wakafanya mkutano wao wa kwanza wa dunia huko New York. Tuzo ya Hugo, iliyoanza mwaka 1953, hadi leo hupigiwa kura na wanachama wa mkutano huo, yaani wasomaji wenyewe. Ule utamaduni wote ulijengwa na mashabiki wabishi waliopenda hadithi kiasi cha kuzikagua. Nawaomba muwe hivyo. Mwenzako akisoma, shika karatasi, andika mahali ulipoacha kumwamini, kisha mwambie kwa heshima, akiwa amekaa mbele yako.

Kuchapisha nitagusia tu, maana ninyi mnajua simu kuliko mimi. Kuuza hadithi sura kwa sura kwenye WhatsApp si aibu. Magazeti yetu yalilea riwaya kwa "itaendelea" miaka mingi. Lakini maliza kuandika kwanza ndipo uanze kuuza, usije ukawa na deni la sura kwa watu waliokulipa. Ukitaka kitabu, namba ya ISBN, yaani ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda ulichokiandika, hailindi wazo ulilosimulia kijiweni. Mkataba usiouelewa usiuwekee sahihi, hata kama mchapishaji ni mtu wa kwenu. Na mswada ulio tayari upelekeni kwenye tuzo: ipo ya Mwalimu Nyerere hapa nchini, na ulizieni kama ile ya Safal-Cornell, ya fasihi ya Kiswahili, bado inapokea miswada.

Jumamosi ijayo nipo nyumbani baada ya adhuhuri. Leteni miswada iliyochapwa kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, na nafasi pembeni ya kuandikia. Binti wa mwezini aje na jibu la jambo moja: kisamvu kile kinachemshwa kwa maji gani? Barafu imegunduliwa kwenye mashimo ya ncha za mwezi, kule ambako jua halifiki. Nataka kujua nani anaichimba, na yule mama anauziwa ndoo kwa bei gani.

Babu yenu,
Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Tabora