Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha: tupe meza ya kuuziana simu na kompyuta

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, salaam, na pole na majukumu.

Mimi ni fundi simu na kompyuta, kibanda changu kiko kata ya Kaloleni. Nina ombi moja. Katika ofisi chache za kata hapa mkoani pawekwe meza ya wazi ambapo muuzaji na mnunuzi wa simu, kompyuta au kamera iliyotumika watakutana mchana mbele ya mtu wa serikali, wakague kitu, walipane, wajaze karatasi, waachane. Sizungumzii jengo jipya wala mradi wa kukatiwa utepe. Nazungumzia meza, soketi yenye umeme na daftari.

Najua yapo mazito zaidi yanayofika ofisini kwako. Lakini vitu vilivyotumika ndivyo vinavyosomesha na kulisha watu wengi mjini kwetu. Waongoza watalii huachiwa na wageni darubini, kamera, hata simu, na masika yakiingia Aprili na Mei, wageni wakipungua, vitu hivyo hugeuzwa kodi ya nyumba. Wanafunzi wa Chuo cha Uhasibu pale Njiro, wa Chuo cha Ufundi na wa Nelson Mandela kule Tengeru wakimaliza wanauza, na wanaoanza wananunua. Biashara yote hii sasa iko Facebook, Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp. Anayepeleka simu yake dukani siku hizi ni yule aliyechoka kusumbuliwa na wapiga simu.

Niruhusu nieleze kisa kimoja kwa urefu, maana kilitokea mbele ya macho yangu.

Mama mmoja wa Njiro alikuwa anauza kompyuta mpakato ya mwanawe aliyehitimu. Aliitangaza kwa shilingi 700,000 na kupiga picha za kila upande, pamoja na kona ya kifuniko yenye mkwaruzo, kwa kuwa hakutaka kumficha mtu. Tapeli akazichukua picha zilezile, mkwaruzo na yote, akatangaza kwa jina lake kwa shilingi 480,000. Kijana wa chuo akaona bei chee, akapiga. Hapo tapeli akawa na watu wawili wasiojuana. Kwa mama alijifanya mnunuzi: “Namnunulia mdogo wangu, anakuja kuikagua. Usimtajie bei, ni zawadi.” Kwa kijana alijifanya mwenye mali: “Nimesafiri, utamkuta shangazi yangu ndiye anayo. Bei tumeshamaliza sisi, ukimtajia atataka cha juu.”

Tazama alivyowafunga midomo. Kila mmoja alipewa sababu ya kiungwana ya kunyamaza, na kwa malezi yetu kijana hamhoji mtu mzima mambo ya fedha. Wakafika kwangu, wakaamkiana vizuri, shikamoo mama, marahaba mwanangu. Nikaifungua mashine, nikapima betri, nikaangalia diski, nikawaambia iko safi. Kijana akatoka nje akatuma hela kwenye namba aliyopewa. Dakika hiyohiyo simu ya mama ikaita: “Nimeshatuma, angalia meseji.” Na meseji ikaingia, ina namba ya muamala, kiasi na salio jipya. Kilichokosekana ni hela.

Mama yule si wa kuchezewa. Aliona meseji imetoka kwenye namba ya kawaida ya simu, akaingia *150*00# akaangalia salio lake, likawa lilelile la asubuhi. Kijana naye alikuwa na meseji halali kwamba ametuma 480,000, na jina lililotokea ndilo aliloambiwa litatokea, la “mhasibu wa duka”. Basi mmoja kashika kompyuta upande wa kioo, mwingine upande wa keibodi, kila mmoja anamwita mwenzake tapeli. Watu wakaanza kujaa mlangoni. Mheshimiwa, unajua neno “mwizi” likipigwa katikati ya mji huu kinachofuata. Niliwaingiza ndani, nikafunga mlango, nikamwomba kila mmoja asome kwa sauti alivyoandikiana na yule bwana. Namba ilikuwa moja. Walipoipiga, ilikuwa imezimwa. Mama akarudi nyumbani na kompyuta yake, kijana akaenda polisi kuchukua RB, yaani namba ya taarifa yake, na kadiri nijuavyo mpaka leo anatumia ya kuazima.

Baada ya mambo kama haya huwa tunaambiwa wananchi wawe makini. Hawa walikuwa makini. Walikutana mchana, kwa fundi, wakakagua kitu kabla ya kulipa. Walichokosa ni mtu wa tatu wa kuwauliza wote wawili kwa pamoja: mali hii ni ya nani, bei ni ngapi, na hela inaingia kwenye simu ya nani? Maswali hayo yakiulizwa kwa sauti mchezo unaishia hapo. Mimi sikuyauliza kwa kuwa si kazi ya fundi kuingilia bei za watu, na ningeuliza wangenishangaa. Mtendaji akiuliza, hakuna wa kumshangaa.

Sisemi serikali imelala. Simu bandia zilizimwa Juni 2016. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015. Meseji ya tapeli unaweza kuituma 15040, na kwa *106# unaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, jambo ambalo namwomba kila anayesoma hapa alifanye leo. Lakini hatua hizi zinaifukuzia namba, na namba zinapatikana. Bibi anaambiwa na msajili wa mtaani “weka kidole tena, hakijasoma”, kumbe inasajiliwa laini ya pili. Ripoti za robo mwaka za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zimeitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro mara kwa mara kuwa juu kwa namba zinazohusishwa na ulaghai. Maana yake anayemtapeli mtu wa Sakina pengine hajawahi kuuona Mlima Meru. Mtu wa namna hiyo hawezi kuja kuketi kwenye meza ya kata, na hiyo ndiyo sababu naitaka meza.

Utapeli wa mifuko na sabuni nitaupita haraka. Mtu anaoneshwa simu nzuri stendi, inafungwa kwenye mfuko mbele yake, akifika nyumbani anakuta kipande cha sabuni. Huo ni wa zamani na wengi wameshaujua. Vivyo hivyo wa “duka liko Kariakoo, tuma hela nikuwekee kwenye basi”, ambapo mtu anatumiwa picha ya kifurushi na risiti ya basi, kisha analala macho akisubiri mzigo ambao haukupakiwa. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 600, huwezi kumfuata. Ukikubali kulipa kabla ya kuona, hata meza yangu haitakusaidia.

Ninaotaka uusikie vizuri ni wa simu zilizofungwa, kwa sababu huo unawaangusha hata wajanja. Siku hizi simu nyingi zinauzwa kwa mkopo. Mtu anatoa kianzio, analipa kidogokidogo kila siku au kila wiki, na akiacha kulipa kampuni inaifunga simu kwa mbali. Sasa anailipia wiki tatu, anaitangaza “imetumika mwezi mmoja, ina boksi na risiti”, na kweli boksi lipo na risiti ipo. Ukituma IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090 utajibiwa kwamba simu ni halisi, na jibu ni la kweli, ila halikuambii kwamba ina deni. Anayenunua anafurahi nayo siku kadhaa, asubuhi moja kioo kinamwandikia alipe. Ananiletea mimi, “Fundi, itoe hii.” Namwambia hii si kimeo, ina mwenyewe.

Ndugu zake ni iPhone yenye iCloud (akaunti ya Apple) ya mtu mwingine, simu ya Android ambayo ukiirudisha kama mpya inadai akaunti ya Google ya zamani, na kompyuta iliyotoka kwenye kampuni au shule ambayo ukiiunganisha na intaneti inaonesha jina la taasisi na kudai nenosiri la huko. Muuzaji asiyetaka uione hali hiyo atakuambia chaji imekwisha, au bando limekata, au ana haraka ya gari la Ngaramtoni. Ndiyo maana nimeomba soketi. Kifaa kiwashwe, kifutwe chote palepale, kiwashwe upya kikiwa kwenye intaneti, mnunuzi aweke akaunti yake. Kwa simu ni kazi ya nusu saa, kwa kompyuta inaweza kuzidi. Muuzaji wa kweli hatakataa, na yeye ananufaika zaidi, maana nimeona watu wakiuza simu zikiwa bado na picha za watoto wao, na meseji za benki zinasomeka.

Sasa karatasi. Ukinunua ng'ombe mnadani huondoki bila karatasi, lakini mtu ananunua simu ya bei ya ng'ombe chini ya mti na hana hata jina la aliyemuuzia. Kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamhusu anayepokea mali huku akijua ni ya wizi. Kuthibitisha kwamba hukujua, wakati huna karatasi wala jina, ni safari ndefu. Karatasi ninayoiwaza ni ya upande mmoja: majina ya wawili hao na sahihi zao, aina ya kifaa, IMEI za tarakimu 15 zilizosomwa kwenye kioo kwa *#06# (hazinakiliwi kutoka kwenye boksi), au namba ya utambulisho iliyo chini ya kompyuta, bei, namba iliyopokea hela, na muhuri. Nakala mbili zinabaki kwao, ya tatu inabaki kata.

Hapo naomba tahadhari. Daftari lenye namba za NIDA na namba za simu za watu likiachwa wazi mezani litakuwa zawadi kwa matapeli haohao. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, basi daftari lifungiwe kabatini na lionwe na polisi pale kunapokuwa na kesi.

La pili ni ada. Ikiwekwa ada ya kila muamala, watu watarudi chini ya mti wiki hiyohiyo. Kama lazima pawe na kitu, kiwe gharama ya kutoa nakala. Wala huduma hii isifanywe lazima. Tukianza kusikia kwamba anayeuza simu bila muhuri anakamatwa, kitakachozaliwa ni njia mpya ya kuwasumbua vijana, na muhuri wenyewe utaanza kuuzwa.

Na sisi mafundi tusiachwe hivihivi. Baadhi yetu ndio tunaotoa iCloud za wizi, tunaobadilisha IMEI, jambo linalokatazwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na tunaoweka programu ya kuifanya simu ya GB 16 iandike 256. Ningependa fundi atakayeruhusiwa kukaa kwenye meza ya kata awe ametambuliwa na ofisi ya biashara, jina lake libandikwe ukutani, na akishuhudia uongo aondolewe. Wenzangu watanilalamikia kwa kuyaandika haya, lakini wanajua nawasema akina nani.

Pa kuanzia napendekeza kata tatu tu: moja ya katikati ya mji, moja upande wa Njiro kwa ajili ya wanafunzi, na moja Usa River, ambako watu wanaotoka Tengeru na Kikatiti hukutania kando ya barabara kuu. Siku mbili kwa wiki zinatosha, na Jumamosi iwe mojawapo. Mafundi kadhaa wa Kaloleni na Levolosi nimeshazungumza nao. Tuko tayari kukaa kwa zamu bila malipo kwa miezi mitatu ya mwanzo, na waya wa kurefusha umeme tutakuja nao.

Jibu lolote, hata la kukataa, naomba libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi za kata, ili wale ninaowaambia “subirini kidogo” wajue kama waendelee kusubiri.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi simu na kompyuta, Kaloleni, Arusha.

Nakala: Kamanda wa Polisi wa Mkoa, Mkurugenzi wa Jiji la Arusha, Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Meru.